Mjadala: Mwandishi wa vitabu vya maarifa akikosea, masahihisho yake ayaandike wapi?

Mleta mada

Ndugu wasomaji, naleta hoja hii nikimfikiria Malcolm Gladwell, si kwa sababu amekosea kuliko wenzake, bali kwa sababu ni waandishi wachache mno wa vitabu visivyo vya kubuni ambao maneno yao yamezoeleka hata kwa watu wasiowahi kufungua kitabu chao. Aliyepata kuhudhuria semina ya kujiendeleza huenda ameambiwa kwamba umahiri hupatikana kwa saa 10,000 za mazoezi, na huenda hakutajiwa aliyelieneza dai hilo. Swali langu ni hili: mwandishi wa kiwango hicho akibainika kuwa amekosea, je, inatosha asahihishe popote apendapo, au anawajibika kusahihisha ndani ya kitabu kile kile kinachoendelea kuuzwa? Mimi nashikilia kwamba anawajibika.

Gladwell alizaliwa Fareham, Uingereza, mwaka 1963, mama yake akiwa Mjamaika na baba yake Mwingereza aliyekuwa mwanahisabati, akakulia katika jimbo la Ontario nchini Kanada. Alisoma historia Chuo Kikuu cha Toronto, akahitimu mwaka 1984. Kuanzia 1987 alikuwa mwandishi wa The Washington Post, alikoandika habari za biashara na za sayansi, na mwaka 1996 akahamia jarida la The New Yorker. Kitabu chake cha kwanza, The Tipping Point, kilitoka mwaka 2000, kikafuatiwa na Blink mwaka 2005 na Outliers mwaka 2008. Mbinu yake ni ile ile katika vyote: huchukua utafiti uliolala katika jarida la kitaaluma, akaufungamanisha na kisa cha mtu halisi, na msomaji akimaliza sura huhisi ameliona mwenyewe jambo ambalo wataalamu walilificha. Kipaji hicho sikibezi hata kidogo, kwani mimi ni miongoni mwa waliokesha na vitabu hivyo.

Tatizo ni kile kinachobaki kichwani baada ya kisa kusahauliwa. Saa 10,000 zinazotajwa katika Outliers zilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1993 na mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili, waliowachunguza wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Kundi la wanafunzi bora, ambao walikuwa kumi tu, lilikadiriwa kuwa limefikia wastani wa takriban saa 10,000 za mazoezi ya peke yao kufikia umri wa miaka 20. Ericsson mwenyewe alieleza baadaye kwamba wengi wa hao kumi walikuwa bado hawajaifikia idadi hiyo katika umri huo, na kwamba hakuna popote alipodai kuwa kuna mpaka ambao mtu akiuvuka anakuwa bingwa. Wastani ukageuzwa kuwa kizingiti. Uchunguzi mwingine wa wachezaji wa sataranji nchini Argentina, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta mmoja aliyefikia daraja la ubingwa kwa takriban saa 3,000 na mwingine aliyehitaji zaidi ya 23,000.

Gladwell alijibu wakosoaji wake mwaka 2013 katika The New Yorker, akasisitiza kwamba hakukusudia kukanusha nafasi ya kipaji cha kuzaliwa. Jibu lilikuwa la kiungwana, lakini aliyenunua Outliers dukani hakulipata pamoja na kitabu, na hapo ndipo ninaposema deni halijalipwa.

Mchangiaji wa kwanza

Nimefundisha fidla kwa zaidi ya miaka ishirini, na naafikiana na mleta mada, ila nadhani ameishika hoja kwa upande wake mwepesi. Namba si kosa kubwa. Kosa kubwa limo katika neno "mazoezi". Ericsson na wenzake walikuwa wakipima mazoezi ya makusudi, yaani kazi ya upweke, yenye kuchosha, ambayo mwanafunzi huifanya juu ya udhaifu mahususi aliobainishiwa na mwalimu wake. Gladwell alipotafuta mfano akaenda kwa The Beatles na usiku wao mwingi wa kupiga muziki Hamburg kati ya 1960 na 1962. Kutumbuiza hadhira kunamjenga mwanamuziki, sibishi, lakini si jambo lile lililopimwa Berlin, na Ericsson alililalamikia hilo kwa maandishi.

Mnaweza kudhani huu ni ubishi wa kitaaluma tu. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikuja na daftari alilolichora mistari, akijaza saa zake kila jioni kwa uaminifu wa kutia huruma. Alikuwa amefikisha mia kadhaa, na karibu zote alizitumia kupiga vipande alivyokwisha kuvimudu, kwa kuwa daftari halikuuliza alipiga nini. Ilinichukua muda mrefu kumshawishi kwamba dakika arobaini za mstari mmoja unaomshinda zina thamani kuliko jioni nzima ya nyimbo anazozipenda. Kijana huyo hakusoma utafiti wala kitabu; alisikia sentensi moja tu. Sasa nauliza: masahihisho ndani ya kitabu yangemfikia vipi mtu ambaye hata kitabu chenyewe hakikumfikia?

Mchangiaji wa pili

Naomba niwe upande wa mshtakiwa, kwa kuwa naona shauri linaelekea kuamuliwa kabla hajasikilizwa.

Kwanza, kitabu kilichochapishwa ni kumbukumbu ya wakati wake. Tukianza kudai kwamba kila chapa ibadilishwe kufuatana na utafiti mpya, baada ya miongo miwili hakuna atakayejua mwandishi alisema nini hasa, na wakosoaji wenyewe watakosa cha kunukuu. Pili, tunambebesha mwandishi lawama za watu waliomtumia. Chukueni mfano mzito kuliko wa fidla: katika The Tipping Point, Gladwell alieleza kushuka kwa uhalifu jijini New York, ambako mauaji yalikuwa zaidi ya 2,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na yakapungua hadi chini ya 800 mwaka 1997, na sehemu kubwa ya maelezo yake ilikuwa nadharia ya madirisha yaliyovunjika, kwamba polisi wakidhibiti makosa madogo, makubwa hayatazaliwa. Nadharia hiyo si yake. Wasomi James Q. Wilson na George Kelling waliiandika mwaka 1982, na uongozi wa polisi wa jiji uliifuata tangu mwaka 1994, miaka sita kabla ya kitabu. Anayetaka kumshtaki mtu kwa sera hiyo ana majina mengi ya kuanza nayo.

Tatu, huyu ni mtu ambaye mwaka 2024 alisimama jukwaani, mbele ya hadhira, akakiri kwamba katika suala hilo la New York alikosea. Ni waandishi wangapi mashuhuri waliofanya hivyo bila kulazimishwa na mahakama? Tukimwadhibu anayekiri kwa kumdai zaidi, wengine watajifunza kunyamaza.

Mchangiaji wa tatu

Nitasema machache. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Steven Pinker, akihakiki mkusanyo wa makala za Gladwell katika The New York Times, alionesha kwamba mwandishi alikuwa amelisikia neno la kihisabati "eigenvalue" kwa mtaalamu aliyemhoji, akaliandika "igon value". Kwa mtoto wa profesa wa hisabati hiyo ni aibu ya kuchekesha, lakini herufi zenyewe hazinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba makosa ya mwandishi huyu, madogo kwa makubwa, huielekea njia moja: kila kinachodondoka njiani hukifanya kisa kiwe chepesi zaidi kusimulika. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Wastani ukidondoka, mzigo hupungua. Tofauti kati ya mazoezi na maonyesho ikidondoka, hupungua tena. Kwa hiyo nisingependa tulijadili suala hili kana kwamba ni ajali.

Mleta mada

Nawashukuru. Mchangiaji wa pili amenirekebisha kuhusu New York na nakubali: kitabu hakikuanzisha sera. Hata hivyo kiliipa hadhi ya jambo lililothibitika, huku uhalifu ukiwa umeshuka katika miaka hiyo hiyo hata katika miji ya Marekani isiyofuata njia hiyo. Katika udhibiti wa aina hiyo, mwaka 2011 polisi wa New York waliwasimamisha watu barabarani na kuwahoji zaidi ya mara 680,000, na karibu mara tisa katika kila kumi aliyesimamishwa hakukamatwa wala kuandikiwa kosa. Agosti 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba utaratibu huo, jinsi ulivyotekelezwa, ulikiuka katiba. Usimamishaji ukapungua sana, na uhalifu haukurudi kama ilivyohofiwa. Jambo linalonigusa zaidi katika maisha ya Gladwell liko hapa: katika Blink anasimulia kwamba alipofuga nywele zake za asili zikawa kichaka, maofisa watatu walimrukia barabarani huko Manhattan wakimdhania mbakaji waliyekuwa wakimsaka, wakamhoji kwa takriban dakika ishirini. Alikuwa na ushahidi wa mwilini mwake kuhusu kasoro ya kile alichokisifu, miaka mingi kabla ya kukiri.

Kuhusu kumbukumbu, sitaki neno hata moja la awali lifutwe. Nataka kurasa chache za maelezo mwishoni mwa kila chapa mpya, zenye tarehe, zinazomwambia mnunuzi ni nini kilichopingwa na nani. Kuhusu kijana wa daftari, mwalimu ana haki: yeye zisingemfikia. Zingemfikia mwendesha semina aliyemwambia, ambaye kitabu anacho.

Mchangiaji wa pili

Maelezo ya mwishoni nayakubali, tena yangekuwa na heshima kuliko jukwaa. Lakini yangeandika nini? Kuhusu mazoezi, wataalamu wenyewe hawajapatana. Uchambuzi wa mwaka 2014 wa mwanasaikolojia Brooke Macnamara na wenzake, uliojumlisha tafiti nyingi, uliona kwamba mazoezi ya makusudi yanaeleza takriban asilimia 21 ya tofauti za uwezo katika muziki na asilimia 26 katika michezo kama sataranji. Ericsson alipinga jinsi walivyoyahesabu mazoezi hayo, na amefariki mwaka 2020 bila wao kukubaliana. Mwandishi achague upande gani?

Mleta mada

Asichague. Aandike lile ambalo pande zote mbili zinalikubali: kwamba 10,000 ilikuwa wastani wa wanafunzi kumi, kwamba walipofikia wastani huo walikuwa na umri wa miaka 20 na bado wanasoma, na kwamba hata wakati huo hakuna aliyewaita mabingwa.