MREJESHO: TV mpya ya HD, picha ilikuwa na ukungu

Wakuu nimerudi. Nililia hapa kwamba nimejifanya wa kwanza kununua TV ya HD (ya picha kali) halafu picha mbovu kuliko ile ya chogo niliyoitoa. Kumbe king'amuzi nilikiunga kwa zile waya tatu, njano nyekundu na nyeupe, na ile ya njano haipitishi HD hata uifanyeje, nikaweka waya ya HDMI, hiyo ndiyo inapitisha HD, nikaingia setingi za king'amuzi nikatoa 576i (picha ya kawaida) nikaweka 1080i (picha ya HD), aisee! Nyasi za uwanjani naona moja moja, hadi jasho la refa. Ila chaneli nyingi bado za kawaida, picha zake si pana kama skrini, zikivutwa zijae skrini watu wote wanakuwa vibonge, wife anacheka mpaka basi. Aliyesema nicheki waya kwanza, ubarikiwe mkuu.