Mimi na kaka tunanunua nyumba Bamburi: majina yaandikweje kwenye hati?

BintiKisauni
Assalaam aleikum. Naomba msaada wa wanaojua sheria ya ardhi ya Kenya. Mimi na kaka yangu tumeafikiana na muuzaji wa nyumba Bamburi, Mombasa, kwa shilingi milioni 8. Kaka anatoa milioni 5, mimi milioni 3. Yeye yuko Doha kikazi, nitakayekaa humo ni mimi na wanangu. Dalali anasema hati itoke kwa jina langu pekee ili mambo yaende upesi, kaka aongezwe baadaye. Je, ni sawa? Na mmoja wetu akifariki, inakuwaje?

KaraniWaArdhi
Wa aleikum salaam, dada. Huo ushauri wa dalali ukatae leo hii. Kumwongeza kaka baadaye ni uhamisho mpya: fomu mpya, uthamini mpya, na ushuru wa stempu unaweza kudaiwa tena. Kabla ya hapo, mbele ya sheria mwenye nyumba ni wewe peke yako. Ukifariki katikati, kaka atalazimika kuwathibitishia warithi wako mahakamani kwamba milioni 5 zake zilikuwa za kununulia, si zawadi wala mkopo.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 91, inatambua namna mbili. Umiliki wa pamoja hauna mafungu: mmoja akifa, sehemu yake inamwendea aliyebaki moja kwa moja. Umiliki kwa hisa unampa kila mtu fungu lake, na akifa fungu hilo linaingia kwenye mirathi yake. Umiliki wa pamoja sasa ni wa mume na mke tu. Ndugu wakijiandikisha hivyo bila ruhusa ya mahakama, sheria inauhesabu kuwa umiliki kwa hisa.

Kwa hiyo fomu ya uhamisho iseme wazi: wamiliki kwa hisa, kaka 5/8, wewe 3/8. Mawakili wengine huandika majina mawili tu yakifuatana, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa sababu anayesoma hudhani ni nusu kwa nusu. Soma fomu mwenyewe kabla hujatia saini, kisha usajili ukishakamilika omba utafutaji rasmi (ukaguzi wa daftari la ardhi) uhakikishe mafungu yameingia.

Mwanasheria_Pwani
Naongezea ya mwanzo kabisa: je, nyumba hiyo ina hati ya ardhi? Pwani kwetu nyumba nyingi huuzwa "bila ardhi", yaani unanunua kuta na paa, na mwenye kiwanja ni mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Hapo hakuna hati ya kuandikwa majina mawili, na hisa zenu zitabaki kwenye makubaliano ya karatasi tu. Kama hati ipo, wakili wenu (si wa muuzaji) afanye utafutaji rasmi aone jina la mwenyewe, rehani na zuio. Muuzaji alete cheti cha kutodaiwa kodi za kaunti, na kama ni ardhi ya kukodi kutoka serikalini, cheti cha kodi hiyo pia. Kama ameoa na nyumba ni ya ndoa, ridhaa ya mkewe kwa maandishi ni lazima.

Mkataba wa mauzo uwe na majina yenu wote wawili kama wanunuzi, pamoja na vitambulisho na PIN za KRA (nambari za mlipakodi). Amana ya kawaida ni asilimia 10, yaani 800,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani. Mthamini wa serikali akikubali milioni 8, ni 320,000. Kwa mafungu yenu kaka alipe 200,000, wewe 120,000. Amana vilevile: 500,000 na 300,000.

Kila mmoja atume kutoka akaunti yake mwenyewe hadi akaunti ya wakili. Kaka asikutumie wewe ili ulipe kwa jina lako. Kiasi kinachozidi milioni moja hakipiti kwa hundi, kiende kwa RTGS (uhamisho wa moja kwa moja kati ya benki), na risiti itaje nambari ya kiwanja.

Kwa kuwa yuko Doha, atampa mtu aliye hapa hati ya uwakilishi. Itiwe saini huko mbele ya nothari (anayethibitisha hati) au afisa wa ubalozi, itaje kiwanja hicho na kazi yenyewe (kununua tu, bila kuuza wala kuweka rehani), kisha isajiliwe kwenye masjala ya ardhi. Akikupa wewe uwezo wote, utakuwa unatia saini pande zote mbili, na mrithi yeyote akija kuhoji utakosa la kumjibu. Afadhali mtu wa tatu.

BintiKisauni
Shukran sana. Na nikitaka kutoka, au yeye akitaka kuuza sehemu yake?

KaraniWaArdhi
Hawezi kumuuzia mtu wa nje bila ridhaa yako ya maandishi, ingawa na wewe huruhusiwi kumnyima bila sababu ya maana. Mkishindwana kabisa, mahakama inaweza kuamuru iuzwe, maana nyumba moja haikatwi katikati.

Andikeni mkataba wenu wa pembeni sasa, mkiwa mnapendana. Uamue: utamlipa kaka kodi kwa ajili ya 5/8 yake, au unakaa bure? Nani analipa kodi za kaunti? Matengenezo ya kiasi gani yanahitaji idhini ya wote? Anayetoka ampe mwenzake nafasi ya kwanza ya kununua, kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa, ndani ya siku 90. Ukipaka rangi au kujenga uzio kwa pesa zako, iandikwe kuwa deni. Msibadilishe hisa kila mara, mtapotea kwenye hesabu.

Mwanasheria_Pwani
Kuhusu kifo: ninyi ni Waislamu, na mirathi ya Muislamu Kenya hufuata sheria ya Kiislamu. Fungu la kaka litagawanywa kwa mke, watoto na wazazi wake walio hai, na wasia hauvuki theluthi, wala haumpi mrithi bila ridhaa ya wenzake. Kwa hiyo siku moja wifi yako na watoto wake wanaweza kuwa wamiliki wenzako ndani ya nyumba unayokaa. Ndiyo maana mkataba wa pembeni useme unawafunga warithi wa pande zote mbili, na aliyebaki apewe muda, tuseme miezi 12, wa kulinunua fungu lao kwa bei ya mthamini. Nakala zitiwe saini mbele ya wakili, moja ikae kwako, moja kwa kaka Doha, moja kwa wakili huyo.