Fundi alamu wa kofia nyekundu, leo umenidhalilisha mbele ya wateja wako!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata maji sijanywa.

Mnamjua, msijifanye hamumjui. Yule fundi umeme wa magari wa Tabata, kofia nyekundu, kijiwe kizima kinamwita profesa. Nusu ya magari yanayopiga kelele usiku Dar es Salaam kayafunga alamu yeye.

Gari langu ni Toyota IST ya 2004. Kanifungia alamu mwezi wa tatu, laki na ishirini, na tangu siku hiyo sijalala. Paka akipita, linalia. Lori likipita barabara ya Mandela, linalia. Jirani akikohoa, linalia. Saa nane usiku nakimbia na kanga na rimoti kama nafukuza mwizi, na mwizi hayupo. Jumamosi limelia msibani, katikati ya dua. Shehe akanyamaza, watu mia mbili wakanigeukia. Nikalizima. Shehe akaanza upya, nalo likaanza upya.

Leo nimelirudisha mara ya nne. Mara tatu zote nimemlipa elfu thelathini. Boneti hajafungua! Kaigusa rimoti, kanipandisha na kunishusha kwa macho, muhogo umejaa mdomoni, akasema: "Shukuru linalia, dada. Lililoibwa halilii."

Watu wakacheka. Kijana wa kuosha magari akaweka ndoo chini ili acheke vizuri. Lililoibwa halilii! Laki mbili na kumi zimenitoka, halafu nishukuru? Nikamwambia basi pima hata betri. Akaweka kiganja juu ya boneti lililofungwa kama anapima homa ya mtoto, akasema betri nzima. Njia nzima nasikia ule muhogo ukitafunwa. Lililoibwa halilii!

Mtoto wa Reli: Huyo kanifungia na mimi. Langu likilia, milango inajifungua yenyewe. Mwizi akija anakaribishwa.

Kigingi: Watu mia mbili? Chai hiyo, ongeza tangawizi. Na kama unajua gari linalia, msibani ulilipeleka la nini? Daladala zimeisha?

Mwenye uzi: Kigingi soma ulichoandikiwa. Msiba nimeshausamehe. Kilichoniuma ni kuambiwa nishukuru, na muhogo mdomoni, mbele za watu!

Pangu Pakavu: Jamani, kwani fundi kakosea wapi? Lililoibwa si kweli halilii?

Dereva Mstaafu: Binti yangu, hasira weka pembeni, shika mita. Gari likishalala usiku bila kuwashwa, pima betri. Iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikishuka karibu na 12, alamu nyingine hudhani kuna mtu anachezea nyaya. Halafu tazama swichi ya boneti, kile kipini kinachobonyea boneti likifungwa. Hewa yetu ya chumvi hukitia kutu, alamu ikaamini boneti liko wazi. Kisugue kwa msasa laini. Kuna na sensa ya mtikisiko, kiboksi kidogo, mara nyingi kiko chini ya dashibodi, kina skrubu ya kupunguza ukali. Hiyo ndiyo inayolizwa na malori. Ukitaka kumjua mchawi, ichomoe usiku mmoja, ufunge gari kama kawaida. Likinyamaza, ni yeye. Likilia, zifuate swichi za boneti na za milangoni.

Mtoto wa Reli: Mzee, hii milango yangu inayojifungua je?

Dereva Mstaafu: Hiyo kachanganya nyaya. Gari lisilale nje ya macho yako.

Ukuta kwa Ukuta: Mimi sina gari, nina mtoto wa miezi miwili na jirani mwenye alamu. Ninyi mnamlalamikia fundi. Sisi tumlalamikie nani?

Kigingi: Mlalamikie mwenye uzi, huenda ndiye jirani yako.

Mwenye uzi: Nimetoka kufungua boneti. Kipini kina kutu kama msumari wa bati kuukuu, hata kurudi juu kinasita! Dakika mbili nimekiona, kwa tochi ya simu. Yeye mara nne hajainua boneti, ila ulimi wa "lililoibwa halilii" anao. Kesho asubuhi nakwenda na hicho kipini mkononi, nakiweka juu ya sahani yake ya mihogo. Nani ananisindikiza?

Bi Mkubwa wa Kigamboni: Mafundi magari afadhali. Fundi friji wangu kaondoka na kompresa tangu Ramadhani. Kila nikimpigia yuko Kariakoo ananunua gesi.

Pangu Pakavu: Kiboko ni fundi cherehani. Dada yangu kapelekewa posa, kaolewa, kajifungua, sare yetu ya kitchen party bado inakatwa.

Mwenye uzi: Jamani, kesho nani ananisindikiza?

Ukuta kwa Ukuta: Pangu Pakavu, cherehani yupi? Si yule wa karibu na stendi, anayefuga njiwa?

Pangu Pakavu: Huyo huyo!!

Kigingi: Ana suruali yangu tangu Idi.

Bi Mkubwa wa Kigamboni: Ya kijivu? Nimemwona nayo kaivaa.