Mrejesho: gari iliyokuwa ikila petroli kupita kiasi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliwauliza kwa nini gari yangu, ninayoitumia baina ya Chake Chake na Konde, huku Pemba, imezidi kula petroli ilhali mwendo wangu haukubadilika.

Wengi mlishauri kichujio cha hewa. Kilibadilishwa, gari ikawa nyepesi kwenye vilima, lakini matumizi yalibaki vilevile, kwani katika injini inayopimiwa petroli na kompyuta, hewa ikipungua petroli nayo hupunguzwa. Plagi zilikutwa nzima. Kiini kilikuwa thamostati, yaani vali inayozuia maji ya injini yasiende kupozwa mpaka injini ipate joto, iliyokwama wazi: maji yalipita kwenye rejeta, panapopozwa, wakati wote, injini haikufikia joto lake la kawaida, na kompyuta, ikiipima kuwa ingali baridi, ikaendelea kuiongezea petroli. Fundi aliitambua kwa mshale wa joto, ambao haukufika mahali pake hata baada ya safari ndefu. Aidha, brek ya gurudumu moja la mbele ilikuwa imeshika kutu na haiachii vizuri, ikawa injini inavuta gari iliyozuiwa, jambo lisiloshangaza kwa hewa yetu ya chumvi. Gurudumu hilo lilipata moto kuliko mwenzake.

Yote mawili yametengenezwa, na petroli ileile sasa inanifikisha mbali zaidi. Aliyenitajia thamostati namwombea kheri nyingi.