Fundi anasema nisiuze, dalali anasema niuze, na wote wanakula kwangu

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayekuta lugha kali anivumilie.

Nina gari la kifahari lililozeeka. Kampuni silitaji, maana nikilitaja tu uzi utageuka ushabiki wa nembo, na kufika ukurasa wa pili watu watakuwa wanatukanana kuhusu gari za Kijapani na za Kijerumani, mimi mwenye shida nimesahaulika. Itoshe kusema enzi zake lilikuwa la wenye nazo: silinda sita, giaboksi otomatiki, shokapu za upepo, vitufe mpaka kwenye viti vya nyuma. Sasa limefika umri ambao mwezi haupiti bila jambo. Nibaki nalo au niliuze?

Swali lenyewe haliniudhi. Linaloniudhi ni kwamba sijapata mtu wa kunijibu ambaye hana maslahi yake ndani ya jibu. Fundi ananiambia, "Bosi, chuma kama hiki hukipati tena, usiuze." Bila shaka nisiuze, nikiuza atamtengenezea nani? Dalali ananiambia, "Kaka, hilo litakumaliza, mwachie mwenye uwezo." Huyo mwenye uwezo ni yeye. Muuza spea siku hizi ananiita kwa jina na ananiulizia watoto. Hata shemeji yangu anayenisihi niuze, ukimchimba vizuri unakuta anataka nimuuzie yeye, tena kwa kulipa kidogo kidogo.

Nianze na mafundi, maana hao ndio wamenikausha.

Injini ilianza kumisi. Ukiwa umesimama, injini inawaka bila kukanyaga mafuta, unasikia gari zima linatetemeka, ukikanyaga linavuta kivivu, taa ya injini inawakawaka. Mashine ya kusoma makosa ya gari ikachomekwa, ikatoa P0301. Namba hiyo inasema silinda ya kwanza haiwaki sawasawa, basi. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa plagi, koili inayoipa plagi umeme, nozeli, au kompresheni yenyewe imeshuka. Kuna kipimo kisichohitaji kununua hata skrubu: unachomoa koili ya silinda ya kwanza unaipeleka ya pili, ya pili unaileta ya kwanza, unafuta namba, unawasha na kuzunguka kidogo. Namba ikihamia P0302, ugonjwa uko kwenye koili. Ikibaki P0301, koili haina kosa, tafuta kwingine. Kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye spana.

Mnadhani kilifanyika? Nikaambiwa koili "zimechoka zote", ninunue seti nzima. Nikanunua. Likatulia kwa muda, likarudia. Mara nozeli zisafishwe. Mara pampu ya mafuta "inaonekana dhaifu". Inaonekana kwa nani, wakati presha ya mafuta haikupimwa? Kila kifaa kilichotolewa kilikuwa kibovu kabla hakijatolewa, na kila kipya kilipofungwa na shida ikabaki, kosa lilikuwa la gari: "Bosi, gari hizi ndivyo zilivyo."

Siku moja nikachomoa koili mwenyewe. Mpira wake wa chini ulikuwa unachuruzika oili. Nikamulika tochi kwenye shimo la plagi nikaona linang'aa, limejaa oili nyeusi hadi karibu na nusu, plagi imezama humo. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imekauka mpaka ukiikunja inakatika kama biskuti, oili ikawa inavuja taratibu ndani ya shimo, ikilegeza mpira wa koili na kuvujisha umeme. Ndiyo maana kila koili mpya ilifanya kazi siku mbili tatu kisha ikaanza ujinga. Gasketi ile na sili zake ni kati ya spea za bei ya chini kabisa kwenye injini nzima. Aliyefunga koili zile aliyaona mashimo yale kwa macho yake, maana hakuna namna ya kufunga koili bila kuyaona. Sasa niambieni, huo ni ufundi au ni nini?

Na ndiye anayeniambia nisiuze.

Sasa yuko kwenye shokapu za upepo. Gari likilala, asubuhi kona ya mbele kushoto imekaa chini, nikiwasha kompresa inanguruma muda mrefu kulinyanyua. Ananiambia ninunue kompresa. Nikachukua maji ya sabuni nikapulizia mfuko wa upepo wa kona ile, mapovu yakaota kwenye mikunjo ya mpira. Kompresa haina kosa, inaungua kwa kufanya kazi ya kuziba tundu ambalo si lake. Nikifunga mpya bila kugusa mfuko, nayo itakufa vilevile, na tutarudi pale pale kwenye "gari hizi ndivyo zilivyo".

Giaboksi ndiyo kabisa. Kijitabu cha gari kinasema oili yake haibadilishwi, imejazwa kiwandani na imetoka hiyo. Fundi naye kaishika kauli hiyo kama aya, ukimwambia tubadilishe anakutisha kwamba "ukiigusa itakufa". Wakati huohuo ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi za magari mengi ya kifahari, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8. Anayeuza gari jipya anataka gharama ya matunzo ionekane ndogo kwenye makaratasi. Likifa mikononi mwa mmiliki wa tatu, si shida yake tena.

Haya, madalali.

Dalali mmoja alikuja akalizunguka gari, akafungua kifuniko cha oili akapaka kidole, akainama kuangalia chini, akasikitika kwa sauti ili nisikie. Injini hakuiwasha. Hakuendesha hata mita moja. Akataja bei. Yaani bei alitoka nayo kwao, kidole cha oili kilikuwa sarakasi tu. Nilipomwonyesha risiti za tairi, za bushi, za pampu ya maji na rejeta, akacheka: "Mteja hanunui risiti." Na hapo, kwa uchungu, yuko sahihi kwa upande wake. Ukifunga spea mpya leo ukauza kesho, hela hiyo hairudi, umemtengenezea mwenzio.

Lakini ushauri wake wa pili ndio ulionitoa kwenye reli. Eti kabla mteja hajafika nitoe waya wa betri, taa ya injini ifutike, tupige picha dashibodi ikiwa safi. Kwanza ni utapeli. Pili ni utapeli wa kijinga. Ukifuta namba, kompyuta ya gari inafuta pia kumbukumbu ya vipimo vyake vya ndani, kama cha masega yanayosafisha moshi kwenye ekzosi na cha oksijeni sensa, na inavionyesha kuwa havijakamilika mpaka gari litembee vya kutosha katika hali mbalimbali. Mnunuzi mwenye kimashine kidogo cha mfukoni anaona mara moja kwamba limefutwa asubuhi hiyo. Na aibu inabaki kwangu mwenye kadi, dalali keshaondoka na chake.

(Wanaotaka kununua gari la mkononi, chukueni hiyo bure. Msiangalie tu kama taa imezima, angalieni kama vipimo vimekamilika.)

Kuna na kundi la tatu: wataalamu wa kanuni. "Mkuu, matengenezo yakizidi nusu ya thamani ya gari, uza." Nani aliwapa hiyo? Hebu ifikirieni. Gari langu limeshashuka thamani mpaka chini, limebakiwa na kidogo sana cha kushuka. Spea zake hazikushuka nalo, zinauzwa kwa hesabu ya gari lilivyokuwa jipya. Kwa kanuni hiyo, gari lolote la kifahari lenye umri wake linapaswa kuuzwa siku shokapu moja inapovuja. Thamani ya gari sokoni inanieleza nitapewa ngapi nikiliachia, haielezi nitatumia ngapi kupata jingine linalonifikisha kazini kesho.

Na hilo jingine hamlizungumzii. Mnasema "uza chukua dogo la kisasa" kana kwamba hilo dogo linaokotwa. Nitaongeza hela, nitalipia uhamisho wa umiliki, nitabadilisha oili zote na mikanda kwa sababu siwezi kuamini maneno ya aliyeniuzia, na pengine kilometa zimerudishwa nyuma. Ugonjwa wa gari langu naujua mmoja mmoja. Wa lile sijui hata mmoja. Anayeuza ana sababu ya kuuza, na sababu hiyo huwa haiandikwi kwenye tangazo.

Upande wa pili nao nauona, msinione nimelewa mapenzi ya chuma. Wale wa "nimeshaweka hela nyingi sana siwezi kuuza" wananikera vilevile. Hela iliyoingia imekwenda, hairudi nikiuza wala nikibaki nalo, kwa hiyo haina kiti kwenye mkutano huu. Ninachopima ni miezi kumi na miwili ijayo tu. Bima, tairi, pedi na diski, mfuko wa upepo, oili ya giaboksi, halafu nitenge kitu kwa ajili ya balaa moja nisilolijua, kwa sababu lazima litakuja. Naweka upande mmoja. Upande wa pili naweka gharama ya kutoka kwenye gari hili na kuingia kwenye jingine, pamoja na matengenezo ya kulianza hilo jingine. Hadi leo kubaki ndiko kunakotoka nafuu, na si kwa kiasi kidogo.

Kinachoweza kupindua ni mambo mawili. Giaboksi ikianza kuteleza, yaani injini inapanda mizunguko na gari haliendi, sitaanza safari ya kuovahoo, yaani kuifungua yote na kuijenga upya. Siku hiyo linaondoka, na mnunuzi ataambiwa wazi. La pili ni kutu kwenye chesisi au kwenye mabomba ya breki. Nimelala chini yake na tochi, bado pasafi, ila pakianza kuliwa sitabishana na mtu, kwa sababu hapo hatuongelei tena hela.

Nje ya hayo silitoi kwa bei ya chuma chakavu ili dalali aliuze kwa bei ya gari.

Sasa naomba wenye uzoefu wa kweli. Kuna aliyetoa shokapu za upepo akafunga springi za kawaida kwenye gari kama hili? Taa ya onyo mliizimaje, kwa kufundisha upya kompyuta au kwa ujanja wa waya? Gari lilikaaje kwenye kona na likiwa na mzigo? Na ulipokuja kuuza, mnunuzi aliona ni kasoro au aliona nafuu? La pili: aliyemwaga oili ya giaboksi iliyotembea zaidi ya kilometa 150,000 bila kubadilishwa, ulimwaga ya kwenye sampo (bakuli la chini) tu au uliibadilisha yote kwa mashine, na ikawaje baada ya hapo?

Wa "uza tu mkuu" piteni, uzi wenu nimeshausoma. Na kama wewe ni dalali, sema kabisa kwamba ni dalali kabla hujanishauri.