Vioo vya rangi kanisani: risasi, kioo kinene au stika?

KatibuParokia
Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa letu jipya huku Tororo limebakiza madirisha, na kamati inachagua Jumapili. Wengine wanataka vipande vya kioo cha rangi vilivyoungwa kwa risasi (ile metali laini), wengine vipande vya kioo kinene vinavyoungwa kwa kumiminiwa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, mweka hazina anataka stika. Picha ni za Mashahidi wa Uganda. Tuchukue ipi?

FundiWaMbale
Milele amina. Katibu, hujasema vipimo, wala madirisha yanatazama wapi, wala fremu ni za nini. Na hewa itapita wapi? Kioo cha picha hakifunguliwi.

KatibuParokia
Madirisha 8, upana mita 1, kimo mita 2.4. Manne mashariki, manne magharibi. Fremu za chuma, zimeshachomelewa. Hewa hatujaijadili.

FundiWaMbale
Basi sentimita 60 za chini ziwe kidirisha cha kufunguka, kioo cheupe. Mita 1.8 zinazobaki zigawe paneli tatu, kila moja ikalie pau yake ili isiilemee ya chini. Ndani, katikati ya kila paneli, pitisha nondo ya milimita 10, uifunge kwa waya wa shaba uliolehemiwa kwenye viungo vya risasi. Ukiruka hapo, joto la kila siku linalegeza risasi, paneli inatoa tumbo na vioo vinapasuka kwenye pembe. Mimi ni wa risasi: kipande kikivunjika unabadilisha hicho tu.

ViooNakawa
Kwa jua la mashariki na magharibi, kioo kinene cha milimita 25 hakina mpinzani. Kingo zikigongwa nyundo zinameremeta, na rangi haimezwi na mwanga mkali. Ila usikubali kiungwe kwa zege yenye nondo badala ya epoksi. Maji yakipenya nondo inashika kutu, inavimba, inapasua kila kitu.

FundiWaMbale
Piga hesabu kaka. Kioo hicho ni kama kilo 62 kwa mita mraba, na fremu za Katibu zilitengenezwa kwa kioo cha kawaida.

Dada_Soroti
Stika jamani hapana. Kuna kanisa moja, silitaji, lilibandika picha kwenye kioo cha milimita 4 upande wa jua la jioni. Nyekundu na njano zilipauka kwanza, Mashahidi wakabaki na rangi ya bluu kama wagonjwa. Kisha kingo zikainuka na vumbi likaingia chini yake. Baadaye vioo vyenyewe vikaanza kupasuka: stika nyeusi inavuta joto katikati, ukingo uliofichwa ndani ya fremu unabaki baridi, ufa unaanzia hapo. Walilipa picha, wakalipa kubandua, wakalipa na vioo upya.

MwanaLiturujia
Kabla ya bei, michoro imefika kwa tume ya liturujia ya jimbo? Kanuni ya 1216 ya Sheria za Kanisa inadai ushauri wa wataalamu katika ujenzi wa kanisa. Na Mashahidi Wakatoliki ni 22, madirisha ni 8. Mtawapangaje?

KatibuParokia
Tulifikiri Karoli Lwanga na wenzake kwenye moto mmoja, kisha Kizito peke yake.

MwanaLiturujia
Lwanga alichomwa peke yake Namugongo, kwa moto wa polepole, tarehe 3 Juni 1886. Kizito ndiye aliyekuwa kwenye moto wa pamoja siku hiyo. Mmegeuza.

Dada_Soroti
Na nyuso! Mafundi wengi huagiza kioo cha waridi kwa ngozi. Dai kahawia hafifu.

FundiWaMbale
Kahawia ikizidi, sura inazama. Paka wino wa oksidi ya chuma na unga wa kioo uso mzima, uache ukauke, kisha ukwangue kwa brashi ngumu kwenye paji, pua na mashavu mpaka mwanga upite. Halafu tanurini, kama nyuzi 650 za Selsiasi. Muulize fundi wenu kama ana tanuri. Rangi isiyochomwa hutoka na kitambaa cha kupangusia.

ViooNakawa
Kwenye kioo kinene huhitaji kuchora sura kabisa, umbo linatosha.

MwanaLiturujia
Waumini watamtambuaje shahidi kama Matia Mulumba kwa umbo tu?

FundiWaMbale
Katibu, mfereji wa hizo fremu una kina cha milimita ngapi? Na zilipigwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kujengewa?