Naomba ushauri: nimejitengenezea trela la kulala, nataka kuweka mfumo wa gesi ya kupikia (Mtwara)

FundiMota_Mtwara

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni fundi wa mashine za kupulizia dawa ya korosho, naishi Mtwara mjini. Kuanzia Mei mpaka Septemba nyumbani ni kama napita tu. Nazunguka Nanyamba, Tandahimba, Newala, mara nyingine nafika hadi Masasi. Mkulima mashine ikimfia shambani wakati ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umeshaingia kwenye maua, hana muda wa kuileta mjini, inabidi mimi nimfuate.

Miaka yote nimelala gesti au kwa wateja. Safari hii nimejitengenezea trela. Ekseli na springi ni za pikapu kuukuu, fremu nimechomelea mwenyewe, urefu mita 3, upana mita 1.7, kuta za plaiwudi na nje bati la aluminiamu. Nyuma kitanda, mbele meza na sehemu ya jiko. Msimu ukikolea mke wangu naye huja kunisaidia, kwa hiyo nataka kitu cha uhakika.

Mpango wangu ni mtungi wa kilo 15 ukae uvunguni mwa kitanda, mpira upite chini ya benchi hadi kwenye jiko la plati mbili. Fundi bomba mmoja amenishauri nitumie bomba za plastiki za maji, zile za kuunganishwa kwa moto, nizifiche ukutani. Jambo jingine: gesi inachimbwa hapa hapa Msimbati. Je, kuna namna ya kutumia gesi yetu ya asili badala ya kununua ya mtungi?

Kijana_wa_Shangani

Mkuu weka tu. Mimi mtungi unakaa chumbani kwangu mwaka wa sita huu, kitanda kile pale na mtungi ule pale. Cha msingi funga ukimaliza kupika.

FundiGesi_Ligula

Mkuu FundiMota, hongera kwa kazi. Ila mtungi huo usiuweke uvunguni. Kijana wa Shangani anazungumzia chumba chenye uwazi chini ya mlango na dirisha la nondo, wewe una boksi la bati lililozibwa kila upande ili vumbi lisiingie. Ni vitu viwili tofauti.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi juu, inamwagika kama maji na kutulia sakafuni. Sasa chukua vipimo vyako mwenyewe. Sakafu yako ni mita za mraba 5 na kidogo. Gesi hii inaweza kushika moto ikifika takriban asilimia 2 ya hewa. Kwa tabaka la sentimita 10 tu juu ya sakafu, lita 10 za gesi zinatosha. Na kwa kuwa lita 1 ya kimiminika ndani ya mtungi hutoa gesi kama lita 250, hizo lita 10 zinatokana na kimiminika kisichojaza hata kikombe cha kahawa. Godoro lako liko hapo hapo juu yake.

Mtungi ukae nje, mbele, kwenye ile pembetatu ya chuma pale trela linapofungwa na gari. Utengenezee sanduku lake, mlango ufungukie nje tu, na ukuta wa upande wa trela uzibwe kabisa. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mkanda wa chuma, maana ukilala kimiminika kitaingia kwenye rigulata. Chini ya sanduku toboa matundu. Kiwango cha Ulaya cha magari ya kulala, EN 1949, kinataka matundu ya chini yawe asilimia 2 ya sakafu ya sanduku na yasipungue sentimita za mraba 100. Kwa sanduku lako maana yake ni tundu la sentimita 10 kwa 10. Ukiweka wavu ongeza ukubwa, kwa sababu waya zenyewe zinakula nafasi. Na ulikague kila safari, nyigu wa udongo hawachelewi kujenga humo.

Bomba za plastiki za maji sahau kabisa. Tumia bomba la shaba la milimita 8 au 10, lipite nje chini ya sakafu, libanwe kila baada ya nusu mita, kisha lipande ndani kwa tundu moja tu chini ya jiko. Pale linapopenya sakafu weka raba, vinginevyo bati litakuwa linalisaga kila kilomita. Mpira wa gesi uwe vipande viwili vifupi tu: mmoja kutoka kwenye rigulata kwenda kwenye shaba, mwingine kutoka kwenye shaba kwenda kwenye jiko. Karibu na jiko weka koki. Na sakafuni, jirani na jiko, toboa tundu lililo wazi moja kwa moja hadi nje ili gesi ikivuja ipate pa kushukia.

Mama_Mnadani

Kaka yangu, msikilize huyo fundi. Mimi ni mama lishe, naomba niwaeleze yaliyonikuta mwenyewe.

Tulikuwa tunapeleka chakula mnadani, vyombo vyote nyuma ya kenta iliyofungwa turubai. Mtungi wangu wa kilo 6 niliuacha na jiko lake limekazwa juu. Nadhani ile swichi ilizunguka njiani kwa mitikisiko. Harufu hatukuistukia, humo ndani kulikuwa na ndoo za samaki na vitunguu. Tumefika saa kumi na moja alfajiri, kijana wangu akapanda, akawasha kiberiti atafute tochi.

Sikusikia kishindo. Nilisikia kama mtu amekung'uta blanketi zito. Moto ulipita chini, miguuni kwake, usoni haukumgusa kabisa. Suruali ilishika hadi magotini, tukamzima kwa mchanga na kanga yangu. Alipona, lakini vifundo vyote viwili vina makovu mpaka leo. Sikujua kwa nini moto ulitembea chini vile hadi leo nilipousoma uzi huu. Mtungi ukiwa njiani ufungwe kwenye koki yake ya juu, usitegemee swichi ya jiko.

Kijana_wa_Shangani

Pole sana mama. Nafuta kauli yangu. Kesho wangu nautoa chumbani, nauweka barazani.

Binti_Kilwa

Nijibu swali la gesi ya asili, maana huku Lindi pia tunaulizwa sana kwa sababu ya gesi ya Songo Songo. Gesi ya Mnazi Bay, yaani hiyo ya Msimbati, kwa sehemu kubwa ni methani. Hiyo ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu. Haiwi kimiminika kwa kushindiliwa tu kwenye joto letu la kawaida, kwa hiyo ile inayowekwa kwenye magari inasukumwa hadi kama baa 200 ndani ya mitungi mizito iliyoundwa maalumu. Mtungi wako wa kupikia haufiki hata sehemu ya kumi ya presha hiyo. Hata jiko ni tofauti, tundu la kupulizia gesi la jiko la mtungi ni dogo. Kwa trela tumia ya mtungi. Ya Msimbati inafaa nyumba iliyounganishwa bomba, au gari lililofungwa mfumo wake na karakana inayotambulika.

Kaka, nina swali. Kwa kazi yako, ndani ya trela unabeba salfa, ile dawa ya unga ya korosho, na petroli?

FundiMota_Mtwara

Asanteni sana wakuu. Mama, pole sana, nimemsomea mke wangu hiyo habari tukabaki kimya wote wawili. Mtungi unahamia mbele.

Binti Kilwa, ndiyo, nabeba. Petroli madumu mawili ya lita 20, na salfa mifuko michache kwa ajili ya kujaribia mashine. Nilipanga viwe ndani ya lile sanduku la mbele pamoja na mtungi ili ndani nibaki na nafasi.

FundiGesi_Ligula

Hapana mkuu. Sanduku la mtungi ni la mtungi peke yake, hata spana ya chuma isikae humo. Petroli ibebe kwenye gari, nyuma ya pikapu, mahali pa wazi. Salfa nayo iende huko huko: vumbi lake linashika moto, na halipatani na shaba. Bomba likikaa na salfa linakuwa jeusi na kuliwa taratibu. Ndiyo maana nimesisitiza bomba lipite nje, na baada ya kazi lioshe kwa maji.

Mzee_wa_Mikindani

Wanangu, nimesoma yote. Niongeze mawili matatu. Nimefanya ufundi friji tangu ujana wangu hapa pwani.

Shaba unganisha kwa kutanua mdomo wa bomba na kukaza nati. Fundi friji yeyote anacho kifaa hicho, mlipe akufanyie. Usichomelee kwa risasi, inayeyuka mapema moto ukitokea. Kwenye mdomo uliotanuliwa usizungushe tepu nyeupe, pale shaba na shaba zinakutana zenyewe, tepu inaharibu. Rigulata nunua mpya ya presha ndogo, soma maandishi yake, nyingi huandikwa 28 au 30 mbar, ndiyo presha inayotoka. Hii chumvi ya bahari inakula springi ya ndani huku nje bado inang'aa.

Kupima uvujaji, povu la sabuni ni zuri ila halioni kila kitu. Nenda kwa waashi uazime mpira wao wa pimamaji, ule unaoonesha maji ndani. Ukunje kama herufi U, ufunge kwenye ubao, kila mkono uwe na urefu wa mita 1, jaza maji hadi katikati. Ncha moja iunganishe kwenye bomba pale jiko linapokaa, ncha ya pili iache wazi. Upande wa mtungi weka koki, puliza kwa mdomo wako mwenyewe mpaka maji ya upande mmoja yawe juu ya mwenzake kwa sentimita 30, kisha funga koki. Hizo sentimita 30 ndizo sawa na hiyo 30 ya rigulata. Weka alama kwa kalamu, kaa dakika 10. Maji yakishuka hata kidogo, una tundu mahali. Fanya alfajiri au kivulini, jua likipiga bomba hewa inatanuka na vipimo vinakudanganya. Kwa njia hii unapata jibu kabla hata ya kuleta gesi.

FundiMota_Mtwara

Shikamoo mzee wangu. Hilo la pimamaji sikuwahi kulisikia, na mpira ninao nyumbani.

Mzee_wa_Mikindani

Marahaba mwanangu.

Dada_Newala

Na huku juu usiku wa Juni na Julai baridi inauma kweli. Nawajua watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Kaka, ukifika Newala usiwashe plati ili upashe moto trela huku mlango umefungwa, wala usiingize mkaa. Hewa ya sumu itokanayo na moto haina harufu wala rangi, mtu anasinzia tu. Beba blanketi mbili. Na tafuta jiko linalokata gesi lenyewe mwali ukizimika, upepo wa kusi ukiingia mlangoni unazima plati bila wewe kujua.

FundiMota_Mtwara

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Sanduku liko mbele, bati la milimita 2, chini nimekata tundu la sentimita 12 kwa 12 na wavu, mbele nimeweka kinga ya mawe. Fundi friji amenitanulia midomo sita. Jumamosi alfajiri nikafunga pimamaji kama mzee alivyosema. Nikapuliza, nikaweka alama. Dakika ya tatu maji yalikuwa yameshuka sentimita 4.

Nilipaka povu viungo vyote, sikuona kitu. Nikarudia tena na tochi, nikalala chali chini ya trela. Kwenye kiungo cha kupandia jikoni, upande wa juu nisioweza kuuona nikiwa nimesimama, kulikuwa na kapovu kamoja, kadogo kuliko punje ya mtama. Kanavimba polepole, kanapasuka, kanaanza upya. Nilikaangalia muda mrefu. Nilipofungua nati nikakuta mdomo wa shaba una mpasuko mwembamba kama unywele. Tumeukata, tumetanua upya. Jana maji yamesimama kwenye alama dakika 20 bila kutikisika. Baada ya hapo ndipo nikafunga mtungi, nikarudia povu gesi ikiwa ndani, pakawa pakavu.

Nimeweka kizimamoto cha unga mlangoni na namba 114 ya Zimamoto nimeiandika ukutani. Jumatatu naanza na Nanyamba. Swali la mwisho: nikiwa porini nitajuaje gesi imebaki kiasi gani?

FundiGesi_Ligula

Safi sana mkuu. Ukifika Nanyamba rudia povu kwenye viungo vyote kabla hujawasha, barabara inalegeza nati. Kuhusu kiasi, ukiwa na mizani uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye mtungi wenyewe, utatoa tu. Kwa makadirio, plati moja ya kilowati 2.5 ikiwaka kwa nguvu zote inakula kama gramu 180 kwa saa, kwa hiyo kilo 15 ni zaidi ya saa 80.

Mama_Mnadani

Na ukiwa huna mizani kaka, mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi kutoka juu hadi chini, usubiri kidogo, kisha upitishe kiganja. Pale joto linapoishia na ubaridi kuanza, ndipo gesi ilipo.